Seri ya vijana ikiisha vibaya, kwa nini roho inauma?

Mara nyingi ni hivi mu Uvira. Kura imerudi saa moja ya jioni, watoto na majirani wamejaa ndani ya nyumba yenye televisheni, na wengine wanachungulia mu dirisha. Ni sehemu ya mwisho ya seri waliyofuata miezi mingi. Halafu msichana waliyempenda anapanda gari, muziki unapigwa, majina yanapita. Basi. Watu wanaangaliana. «Ikaishia tu hapo?»

Kesho yake kijana hana furaha, na mzazi anamcheka: «Unalilia watu ambao hawako?» Lakini swali la huyo kijana iko na jibu.

Kwanza, mapenzi hayo si ujinga. Mu mwaka 1956, wataalamu wawili wa Marekani, Donald Horton na Richard Wohl, waliandika kwamba mtu anayeonekana kila mara mu televisheni anakuwa kama rafiki. Tunajua sauti yake, tunajua siri zake, hata kama yeye hatujui. Ilipoisha seri ya Marekani inayoitwa Friends mu 2004, watafiti Keren Eyal na Jonathan Cohen waliuliza wanafunzi 279 namna walivyojisikia. Walikuta kwamba huzuni iko kweli, na inafanana na ile ya kuachana na mtu, lakini ni ndogo zaidi. Wale waliokuwa wapweke ndio iliwaumiza sana. Kwa hiyo kijana anayehuzunika sana kwa ajili ya seri, pengine ile seri ndiyo iliyokuwa inamsindikiza. Afazali kumuuliza kuliko kumcheka.

Sasa, kwa nini mwisho unakuwa vile?

Sababu ya kwanza ni pesa. Watengenezaji wengi wanaacha hadisi ikining'inia kwa makusudi, ili watu warudi msimu unaofuata. Pesa ikikatika, msimu huo haukuji. Hivyo ndivyo ilivyopata seri moja ya vijana ya Marekani, My So-Called Life. Ilianza mu 1994, ikasimamishwa mu 1995 kisha sehemu 19 tu. Mpaka leo haijulikani yule msichana Angela angechagua nani.

Hapa kwetu Afrika, mfano unaojulikana ni Shuga. Ilianzia Nairobi mu 2009, na Lupita Nyong'o, aliyekuja kupata Oscar mu 2014, alicheza ndani kama msichana anayeitwa Ayira. Msimu wa kwanza ulikuwa na sehemu tatu tu. Watazamaji walingoja mpaka 2012 ili kuona sehemu zingine sita. Halafu mu 2013 seri ikahamia Lagos, Nigeria, na watu wengi wapya, hadisi mpya. Mu 2019 ikafika Abidjan kwa kifaransa, kwa jina la MTV Shuga Babi. Kijana wa Nairobi aliyezoea watu wake alibaki anatazama jirani akihama bila kuaga.

Kwa nini ilihama? Shuga haikutengenezwa kwa kuuza matangazo tu. Ilikuwa kampeni juu ya virusi vya sida, na nyuma yake kulikuwa MTV, UNICEF na mpango wa serikali ya Marekani wa kupigana na sida. Kampeni inafuata mahali kazi iko. Mtazamaji yeye anafuata mtu. Hapo ndipo wanapoachana.

Sababu ya pili ni fundisho. Seri nyingi za vijana zinataka kufundisha, na fundisho likiwa na haraka, linaua hadisi. Aliyekosea anakufa, mutiifu anaolewa, kwisha. Mu Tanzania, Radio Tanzania ilianza mchezo Twende na Wakati mu 1993. Ndani yake kulikuwa dereva wa lori, Mkwaju, mwenye wanawake wengi njiani, na alikufa kwa sida. Wakati ule dawa hazikuwako, na watu wengi walikuwa wanakufa kweli. Lakini leo dawa ziko, na mwenye virusi anayezimeza kila siku anaweza kuzeeka na kuona wajukuu. Seri ya leo ikimuua kila mwenye virusi, kijana mwenye virusi anayetazama pale kati ya wenzake anasikia hukumu yake mwenyewe. Huyo hatalalamika kwa sauti. Atanyamaza tu, na pengine ataacha kwenda kuchukua dawa.

Ndiyo maana mwisho si jambo dogo. Mu Nigeria, watafiti akiwemo Abhijit Banerjee, aliyepewa zawadi ya Nobel mu 2019, waliwaonyesha vijana Shuga, na wengine wakawaonyesha seri ingine. Kisha miezi nane, wale wa Shuga walikuwa wamepima virusi karibu mara mbili kuliko wenzao. Tena waliobadilika zaidi ni wale walioingia ndani ya hadisi kwa roho yote. Yaani yule anayelia mwishoni ndiye aliyekuwa anasikiliza vizuri. Ukimuvunja moyo, unapoteza msikilizaji wako wa kwanza.

Je, wazazi na walimu wafanye nini? Wengi watasema: tuketi tujadiliane. Ni vizuri, lakini namna ya kujadili inahesabu. Mu Kivu yetu kulikuwa mchezo wa radio, Kumbuka Kesho. Mutafiti Elizabeth Levy Paluck alilinganisha mahali watu walisikia mchezo peke yake, na mahali walisikia pia kipindi cha kuwasukuma kujadiliana. Matokeo yalitoka mu 2010: waliosukumwa walijadiliana zaidi, lakini walikuwa pia na uvumilivu mudogo kwa watu wasiowapenda. Kuongea peke yake hakuponyeshi. Kila mtu anaweza kutoka pale na hasira yake tu.

Kwa hiyo usianze na «nani alikosea?». Anza na «ungekuwa yeye, ungefanya nini?» Halafu mwambie kijana amalize hadisi mwenyewe: yule msichana alishuka wapi, alipima, alimwambia nani? Wazee wetu walipokuwa wanatoa hadisi usiku kando ya moto, mtoto asiyefurahia mwisho aliruhusiwa kuuliza. Televisheni haijibu. Lakini mama, baba, yaya na mwalimu wako palepale, na mara nyingi swali la kijana juu ya mtu wa seri ni swali juu yake mwenyewe.