Vita Navyo Vina Miiko Yake

Wahenga walisema kwamba wapiganapo fahali wawili ziumiazo ni nyasi. Kusini-mashariki mwa mji wa Mbarara, kando ya ziwa Nakivale katika Wilaya ya Isingiro, nchini Uganda, nyasi hizo zina sura za watu. Hapo pana makazi ya wakimbizi yaliyoanzishwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya Wanyarwanda. Baadaye wamefika Warundi, Wasomali, Waethiopia na Wakongo wengi, ambao wamekuja na Kiswahili chao. Wengi wao walikimbia mtutu wa bunduki. Baadhi ya matendo yaliyowafukuza makwao yana jina katika sheria, nalo ni uhalifu wa kivita. Kila avaaye sare, pamoja na jamaa yake nyumbani, hana budi kulifahamu.

MAANA YAKE

Si kila kifo cha vitani ni uhalifu. Askari amwuapo askari wa adui katika mapigano, kwa silaha zilizoruhusiwa, hatendi kosa hilo. Wala si kila uovu wa wakati wa vita huitwa hivyo. Mtu amwuaye jirani yake kwa ugomvi wa shamba ni mwuaji wa kawaida, hata kama mizinga inalia ng'ambo ya kilima.

Yapasa mambo manne yakutane. Kwanza, pawe na mapigano ya silaha, ama kati ya mataifa, ama kati ya serikali na waasi, ama kati ya makundi ya waasi yenyewe. Pili, tendo liwe na uhusiano na mapigano hayo. Tatu, liwe limekatazwa na sheria ya vita, kama vile kumwua au kumtesa raia, majeruhi, mateka au askari aliyekwisha kuweka silaha chini. Nne, mtendaji awe aliifahamu hali ilivyokuwa.

Msingi wa sheria hiyo ni Mikataba minne ya Geneva ya tarehe 12 Agosti 1949. Mkataba wa Roma wa 1998, ulioanza kutumika tarehe 1 Julai 2002, uliunda Mahakama ya Kimataifa ya Jinai na kuyaorodhesha makosa yenyewe. Miongoni mwake ni kunajisi, kuteka watu nyara, kushambulia hospitali, kupora, na kuwaingiza jeshini watoto wa chini ya miaka 15.

FUNZO LA MBARARA

Mwezi Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivamia Kagera, yakaua raia na kupora mifugo na mali. Tanzania ilikuwa na haki ya kujilinda, na mwezi Februari 1979 majeshi yake yaliiteka miji ya Masaka na Mbarara. Katika miji hiyo majengo mengi yalibomolewa, mengine kwa baruti, kwa kulipiza yaliyotendwa Kagera. Habari za Masaka zilimsikitisha Mwalimu Nyerere, akaamuru raia na mali zao wasidhuriwe tena.

Amri hiyo ililingana na sheria. Mkataba wa Nne wa Geneva haumwulizi askari ni nani aliyeanza vita. Kifungu cha 33 kinakataza uporaji, na vilevile kuwalipizia kisasi raia au mali zao. Mwenye nyumba wa Mbarara hakuwa amevuka mto Kagera; basi deni la Amin halikuwa lake. Vita vya haki navyo vyapaswa kupiganwa kwa haki.

AMRI YA MKUBWA

Askari hufundishwa kutii. Hata hivyo, amri ya kumpiga risasi mateka aliyefungwa kamba ni haramu waziwazi, na aliyeitekeleza hawezi kujikinga kwa kumtaja mkubwa wake. Mkubwa naye hushitakiwa kwa kuamuru, na hata kwa kunyamaza, ikiwa alijua au alipaswa kujua, asizuie wala asiadhibu.

Makosa haya hayachakai kwa kupita miaka mbele ya Mahakama hiyo. Thomas Lubanga wa Ituri, Kongo, alihukumiwa miaka 14 mwaka 2012 kwa kuwatumia watoto vitani. Bosco Ntaganda alipata miaka 30 mwaka 2019. Thomas Kwoyelo, aliyekuwa kamanda wa waasi wa LRA, alihukumiwa miaka 40 na mahakama ya Uganda yenyewe mwaka 2024.

NYUMBANI

Sheria hii haiishii kambini. Mume akirudi kutoka vitani na redio, cherehani au vitenge ambavyo hakununua, mke na aulize vimetoka wapi. Kumnyang'anya raia mali yake vitani kwa matumizi ya mtu binafsi ni uporaji, nao umo katika orodha ileile ya mauaji na mateso. Cherehani ile huenda ilikuwa riziki ya mama ambaye leo analala chini ya turubai Nakivale, akianza maisha upya kwa jembe la msaada. Nyumba ya askari mwadilifu haipambwi kwa machozi ya mama huyo.