Kupanga Kabla ya Kukusanya: Amri ya GROUP katika Lugha ya ECL

Makala haya yanafafanua amri ya GROUP katika ECL, lugha ya kuchakata data nyingi iliyofunguliwa kwa umma mwaka 2011. Amri hiyo hukusanya rekodi zinazofuatana zenye thamani sawa. Thamani ikibadilika, kundi jipya huanza. Tuchukue maneno matatu ya matini: mtu, kitu, mtu. Yasipopangwa, neno 'mtu' litapata makundi mawili, na anayehesabu msamiati atadai kuna maneno matatu tofauti, ilhali ni mawili. Kwa hivyo, inafaa atangulize SORT. Hata hivyo, anayechunguza mfuatano wa vina asipange, kwani mfuatano wenyewe ndio ushahidi wake. Uamuzi ni wa mtafiti, si wa kompyuta.