Mkojo Wetu Ulifika Ulaya: Wenye Elimu wa Leuven Waliona Nini?

Mtu akifika kwako asubuhi na kikopo mkononi, akaomba mkojo wako na mkojo wa watoto wako, utamjibu nini? Najua katika mitaa yetu wengi watafunga mlango. Mmoja atasema ni mambo ya fetishi, mwingine atasema wazungu wanatafuta kitu cha kuuza. Lakini ziko jamaa huku Katanga zilizokubali. Mkojo wao ulipimwa huko Ubelgiji, na majibu yakaandikwa katika vitabu vya waganga. Majibu yale yanatuhusu sisi tunaokaa karibu na migodi, na naona wengi wetu hatujayasikia vizuri. Juu ya hiyo nayaandika hapa pole pole, ili hata kijana wa sekondari aweze kumsomea mama yake.

Leuven ni wapi?

Wazee wetu wanalijua jina Louvain. Ni mji wa Ubelgiji, si mbali na Brussels, na wenyeji wanaosema Kiflama wanauita Leuven. Univesite yake ilianzishwa mwaka 1425 kwa ruhusa ya Papa Martin V, miaka 58 kabla Martin Luther hajazaliwa. Ndiyo, ni univesite ya Wakatoliki. Lakini kipimo cha mkojo hakina dini, ndugu zangu, na leo wanafunzi zaidi ya 60,000 wanasoma pale. Mwaka 1968 waliamua kuigawanya juu ya ugomvi wa lugha: wa Kiflama wakabaki Leuven, wa Kifaransa wakajengewa mji wao, Louvain-la-Neuve. Ni Louvain hiyo hiyo ya zamani iliyozaa Lovanium ya Kinshasa mwaka 1954.

Leuven waliijua kobalti kama adui kabla ya kuja kupima watu wa kwetu. Walijifunza kwa wagonjwa wao wenyewe.

Pombe na almasi

Katika miaka ya 1960 viwanda vingine vya bia vilitia chumvi ya kobalti ndani ya bia. Juu ya nini? Ili povu lisimame vizuri juu ya kikombe! Huko Quebec, katika Kanada, miaka 1965 na 1966, walevi walianza kuanguka kwa ugonjwa wa moyo, na wengi wakafa. Katika Leuven pia waganga waliona wanywaji wa bia wenye moyo uliochoka, na mwaka 1968 munganga Hugo Kesteloot na wenzake waliandika habari yao. (Vijana, msicheke sana. Wale walikunywa povu, sisi tunavuta vumbi.)

Baadaye walikuja watu wa almasi. Ubelgiji ni nchi ya kusafisha almasi, na wasafishaji walitumia visahani vya kusugulia vilivyotengenezwa kwa kobalti na unga wa almasi. Kazi ilikuwa safi kwa macho: mtu ameketi mezani, hana tope wala shimo. Lakini vumbi dogo lilitoka kwenye kisahani na kuingia kifuani. Mwaka 1984 waganga wa Leuven walieleza ugonjwa wa mapafu wa watu hawa, na wakaonyesha kwamba si almasi iliyowaumiza, ni kobalti.

Tusikose kuelewa. Kobalti kidogo sana inahitajika mwilini, imo ndani ya vitamini B12. Ikizidi ndipo inageuka sumu: inagusa moyo, mapafu, na lile tezi la shingoni. Na leo dunia inaililia kwa ajili ya betri za telefone na za motokari. Zaidi ya nusu ya kobalti yote inayochimbwa duniani inatoka katika udongo wetu wa Kongo.

Watu 351

Munganga mmoja wa Leuven aitwaye Benoit Nemery, mwalimu wa habari za sumu na magonjwa ya kazi, alitumika pamoja na Célestin Banza Lubaba Nkulu wa Univesite ya Lubumbashi. Nataka vijana waliandike jina hili la pili. Watu wanapenda kusema „wazungu wamevumbua", kumbe bila mwenyeji anayejua mitaa na kuongea lugha, hakuna anayepewa kikopo cha mkojo.

Waliwapima watu 351, wakubwa na watoto, na waliwagawanya mara tatu. Watu 179 walikaa karibu na mgodi au kiwanda cha kuyeyusha, chini ya kilometa 3. Watu 40 walikaa kati ya kilometa 3 na 10. Na 132 walitoka mahali pasipo na kazi ya namna ile. Wakatafuta metali 17 ndani ya mkojo. Majibu yalitoka mwaka 2009: watu wa karibu walikuwa na kobalti nyingi kuliko wengine, na waandishi walisema kobalti nyingi namna hii ilikuwa haijaonekana bado kwa watu wa kawaida popote duniani. Walikuta tena shaba, risasi, na hata uraniumu kidogo.

Sasa sikiliza neno lililonigusa mimi. Kuna kipimo kilichowekwa kwa wafanyakazi wa viwanda: kobalti ikipita hapo, mfanyakazi yuko katika hatari. Kwa wale waliokaa karibu, zaidi ya nusu walikipita. Kwa watoto wadogo waliokaa pale pale, karibu tisa katika kila kumi! Na kipimo kile kiliwekwa kwa mwanaume mzima anayelipwa mshahara na kuvaa salopeti, si kwa mtoto wa miaka saba anayecheza mbele ya nyumba.

Inaingia kwa mlango gani?

Utauliza: mtoto hajashuka shimoni hata siku moja, kobalti imemfikiaje? Wenye elimu walirudi tena, wakapima maji, unga, mboga, samaki na vumbi la nyumba. Mwaka 2014 walieleza walichoona. Kwa mtu mkubwa, njia kubwa ni sahani: lengalenga, matembele na mboga zingine za mashamba yaliyo karibu na kiwanda, pamoja na unga wa bukari. Kwa mtoto, vumbi linaongeza sana, kwa sababu mtoto anatambaa, anashika chini, halafu anapeleka vidole kinywani. Kila mama anajua hii, hahitaji univesite imwambie. Jambo jipya ni hesabu.

Kisha ikaja habari ya Kasulo. Wa Kolwezi hawahitaji kuelezwa: mwaka 2014 ilijulikana kwamba chini ya mtaa ule kuna kobalti, na watu walianza kuchimba ndani ya viwanja vyao, wengine hata ndani ya nyumba. Shimo liko chumbani, mawe yako uani, sufuria iko katikati. Nemery, Banza na wenzao walipima watu 72 wa Kasulo, watoto 32 wakiwa ndani yao, na watu 25 wa mtaa wa jirani ili kulinganisha. Majibu yalitangazwa mwaka 2018. Watoto wa Kasulo walikuwa na kobalti katika mkojo karibu mara kumi kuliko watoto wengine. Tena waliona alama za kuharibika katika ADN yao, yaani yale maandishi madogo yaliyomo katika kila chembe ya mwili, yanayoongoza namna mwili unavyojengwa. Hawakusema kwamba mtoto huyu au yule ataugua kansa. Walisema uharibifu umeonekana, na kwamba unawatia hofu kwa miaka ijayo.

Mtoto aliyezaliwa na kilema

Hapa nawaomba mama na baba wasome pamoja.

Tangu mwaka 2013 mpaka 2015, katika Lubumbashi, walitafuta watoto waliozaliwa na kilema kinachoonekana kwa macho. Walipata 138. Kwa kulinganisha walichukua wengine 108 waliozaliwa bila kilema. Waliuliza wazazi: mnakaa wapi, mnatumika kazi gani? Walipima metali kwa mama na katika damu ya kitovu. Habari ilitangazwa mwaka 2020. Jambo lililojitokeza kwa nguvu lilikuwa kazi ya baba. Kwa hesabu yao, baba akitumika kazi ya mgodi, nafasi ya mtoto kuzaliwa na kilema ilipanda mara 5.5 hivi.

Wenye elimu wa kweli hawafichi mashaka yao. Waliandika pia kwamba ile 5.5 inaweza kuwa 1.2 tu, ama kufika 25, kwa sababu watu waliopimwa hawakuwa wengi. Na metali ndani ya mwili wa mama haikuonyesha tofauti iliyo wazi kati ya pande mbili. Basi asitokee mtu wa kusema kila krezeri atazaa mtoto mwenye kilema. Krezeri wengi sana wana watoto wazima, na hata mtu ambaye hajaona karyeri anaweza kuzaa mtoto mwenye kilema. Lakini kazi ya baba imeitwa mbele, hatuwezi kuifumbia macho.

Nalisema kwa sauti kwa sababu katika kazi yangu naingia nyumba nyingi. Mtoto akizaliwa na mdomo uliopasuka, au mgongo ulio wazi, nani anaulizwa? Mama! „Ulikula nini? Ulitembea na nani? Bulozi huu umetoka kwenu." Nimekuta mabibi waliorudishwa kwa wazazi wao na kitoto mgongoni, na jamaa ya bwana haikutuma hata sabuni. Hakuna mmoja katika jamaa ile aliyeuliza habari ya zile nguo za kazi zilizojaa vumbi, zilizokuwa zinatundikwa juu ya kitanda kila jioni.

Sitaki sasa tugeuze kidole na kumlaumu baba. Alikwenda kutafuta unga. Anayenunua yale mawe kwa bei ndogo, na kuyapeleka mbali yakawe betri, hajaulizwa neno, na serikali inayokusanya kodi juu ya magunia nayo imenyamaza. Lakini bibi aliyefukuzwa anaweza kurudishwa wiki hii, bila kungoja serikali. Wazee wa jamaa wakae, wasikie habari hii, wamwite.

Wenye elimu wanafikiria njia mbili ambazo kazi ya baba inaweza kumfikia mtoto: mbegu ya baba yenyewe inaharibika, au baba analeta vumbi nyumbani na mama mwenye mimba analivuta. Ya kwanza ni ngumu kuizuia mtu akiendelea na kazi ile. Ya pili tunaweza kuipunguza, hata kwa watu wasio na bomba la maji. Nguo za mgodi zivuliwe nje, zifuliwe peke yake, na si mama mwenye mimba anayezifua. Sakafu inyunyiziwe maji kabla ya kufagia. Mboga zioshwe mara mbili tatu. Watoto wasipewe kazi ya kuchagua na kuosha mawe, hata siku za mapumziko. Na magunia ya mawe yasilazwe chumbani kwa kuogopa wezi. Najua wezi wapo. Kama hakuna nafasi kabisa, yakae upande wa jiko la nje na baba alale karibu nayo.