Umelipia kwa simu, umeletewa kingine? Meseji zako ni mkataba

Fedha za korosho zikiingia, wazazi wa Mkotokuyana wilayani Nachingwea huanza kuiwaza Januari. Shule zinafunguliwa, na kwenye simu kuna picha ya viatu vyeusi vya ngozi kutoka Kariakoo. Chini imeandikwa: "Bei njoo inbox."

Mazungumzo yanayofuata yanafahamika katika nyumba nyingi.

"Dada, namba 34 vipo?"

"Vipo mama. Sh35,000 pamoja na usafiri hadi stendi ya Nachingwea."

"Sawa, natuma hela. Vipande gari la kesho."

"Haina shida mama, gari la kesho."

Mzigo unafika baada ya siku nne. Ndani mna namba 38, tena vya plastiki. Mzazi akilalamika anajibiwa: "Bidhaa ikishauzwa hairudishwi." Kisha namba yake inafungiwa.

Wengi huishia hapo, wakiamini kwamba bila karatasi hakuna haki. Si kweli.

Ni kama mnada wa korosho

Mkulima wa Nachingwea au Ruangwa anaujua mkataba kuliko anavyodhani. Katika minada ya RUNALI, chama kikuu cha ushirika cha Ruangwa, Nachingwea na Liwale, wanunuzi hutaja bei na wakulima huikubali au kuikataa. Sasa minada hiyo hupitia mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania (TMX), na biashara inabaki biashara.

Viatu navyo ni hivyo hivyo. Picha ni mwaliko tu. Muuzaji alipotaja bei, alitoa pendekezo. Mzazi alipoandika "sawa, natuma hela", alikubali. Mkataba ukafungwa hapo.

Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inataka hiari, watu wenye sifa ya kuingia mkataba, malipo halali na lengo halali. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inatambua mkataba uliofungwa kwa ujumbe wa simu, na ujumbe huo haukataliwi mahakamani kwa sababu tu ni wa kielektroniki. Pia inamtaka muuzaji aeleze jina lake, anwani, bidhaa na bei.

Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, nayo inataka bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo. "Hairudishwi" haimruhusu muuzaji kupeleka kitu kingine. Lakini mzazi akiagiza 34 wakati mguu wa mtoto ni 36, kosa ni lake.

Mtoto na dawa

Aliye chini ya miaka 18 hana sifa ya kuingia mkataba. Hata hivyo, mtoto akiagiza kwa simu ya mama huku anajua namba ya siri, hela hutoka kwa jina la mama, na kuirudisha ni kazi. Namba ya siri isiwe ya familia nzima.

Dawa za watoto, zikiwamo za kuongeza hamu ya kula, zisinunuliwe kwa muuzaji wa mtandaoni asiye na kibali. Makubaliano yenye lengo lisilo halali ni batili, hivyo mzazi anaweza kukosa hela na haki ya kuidai, huku mtoto ameshakunywa asichokijua. Duka la dawa lenye kibali au zahanati ndiyo njia salama.

Kabla ya kutuma hela

Ukweli mchungu ni kwamba nauli ya kumfuata muuzaji Dar es Salaam inazidi bei ya viatu. Ulinzi mkubwa uko kabla ya malipo.

• Omba kulipia mzigo ukifika, au mtume ndugu aliye mjini aukague.

• Andika kila kitu: namba, rangi, malighafi, bei na siku ya kufika. Siku isipotajwa, sheria husema "muda unaofaa", na hapo ubishi huanza.

• Linganisha jina linalotokea wakati wa kulipa na jina la muuzaji. Yakitofautiana, uliza kwanza.

• Usifute meseji wala ujumbe wa muamala. Fungua mzigo mbele ya shahidi na upige picha.

Mambo yakiharibika, mzazi amwandikie muuzaji akidai hela yake na kutaja siku ya mwisho. Akipuuzwa, amwone msaidizi wa kisheria, apeleke malalamiko Tume ya Ushindani (FCC) au afungue madai Mahakama ya Mwanzo. Kama muuzaji hakuwa na viatu tangu mwanzo, huo ni utapeli, na polisi wanahusika.

Popote atakapokwenda, swali la kwanza litakuwa moja: meseji ziko wapi?