Sifa Stahiki, Si Kilemba cha Ukoka: Namna ya Kuadhimisha Mafanikio ya Wanafunzi Wenye Ulemavu

Utangulizi

Kila shule ya msingi ina nyakati zake za kutoa sifa. Zipo sifa za kila siku, ambazo mwalimu huziandika kwa wino mwekundu katika daftari la mwanafunzi. Zipo pia sifa za hadhara, zitolewazo Siku ya Wazazi, siku ya mahafali ya darasa la saba, au wanamichezo warejeapo kutoka mashindano ya UMITASHUMTA. Mwalimu mwanafunzi aendaye kufanya mazoezi ya kufundisha huko Iramba, Mkalama, Ikungi, Manyoni au kwingineko mkoani Singida, aghalabu hupewa kazi ya kusaidia kuandaa shughuli hizo. Hapo ndipo anapokabiliwa na swali ambalo makala haya yanakusudia kulijibu: mwanafunzi mwenye ulemavu asifiwe vipi?

Makosa mawili hutokea mara kwa mara. Kosa la kwanza ni kumsahau kabisa. Majina husomwa, zawadi hutolewa, naye huketi nyuma kama mgeni aliyepita njia. Kosa la pili ni kumsifu kwa jambo ambalo mwenziwe wa darasa hilo hilo asingesifiwa. Mtoto wa darasa la tano hupigiwa makofi kwa kuandika jina lake tu, ilhali ana uwezo wa kutunga insha. Wahenga waliita sifa ya namna hiyo kilemba cha ukoka, kwa kuwa kilemba kilichosukwa kwa majani hunyauka kabla ya jua kutua. Mtoto mwenyewe hung'amua upesi kwamba hakusifiwa kazi yake, bali alionewa huruma.

Sifa ya haki ina masharti matatu. Kwanza, mwalimu aifungue njia iliyomzuia mtoto. Pili, kazi ya mtoto ipimwe kwa kipimo cha kweli. Tatu, kinachotangazwa kiwe ni kile alichokifanya mtoto, wala si upungufu wa mwili wake.

Tulikotoka

Mkoa wa Singida umepakana na Dodoma kwa upande wa mashariki na Tabora kwa upande wa magharibi. Katika historia ya elimu ya watoto wenye ulemavu nchini, mikoa hiyo miwili ina nafasi ya pekee. Huko Buigiri, Dodoma, Kanisa Anglikana lilianzisha shule ya wasioona mwaka 1950. Huko Tabora, Kanisa Katoliki lilianzisha shule ya viziwi mwaka 1963. Kwa muda mrefu elimu ya namna hiyo ilipatikana katika shule chache tu, na nyingi ya hizo zilikuwa mbali na nyumbani kwa mtoto. Ni dhahiri kwamba wengi hawakuondoka. Walibaki nyumbani, na vipaji vyao havikujulikana hata kwa majirani.

Hali hiyo imebadilika kwa hatua. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 ilifanya mahudhurio ya shule ya msingi kuwa ya lazima. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka uliofuata, yaani 2010, Bunge lilitunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Katika mkoa wetu, Shule ya Msingi Ikungi Mchanganyiko hufundisha watoto wenye ulemavu pamoja na wenzao wasio na ulemavu. Hivyo basi, mwalimu wa leo asidhani kwamba jambo hili ni la walimu waliosomea elimu maalumu peke yao. Huenda mtoto huyo yumo katika darasa utakalopangiwa wewe.

Mifano ya kutufunza

Maandishi ya nukta nundu, ambayo watu wasioona huyasoma kwa ncha za vidole, hayakubuniwa na profesa. Yalibuniwa na kijana. Louis Braille, mtoto wa fundi wa ngozi nchini Ufaransa, alizaliwa mwaka 1809, akapofuka akiwa mtoto mdogo baada ya kujijeruhi jicho katika karakana ya baba yake. Akiwa mwanafunzi wa shule ya wasioona ya Paris aliufahamu mfumo wa nukta uliotungwa na afisa mmoja wa jeshi, akauona mgumu kusomeka kwa kidole. Aliurahisisha hata ukawa wa nukta sita tu, na kufikia mwaka 1824, akiwa na umri wa miaka 15, kiini cha kazi hiyo kilikuwa kimekamilika. Tunamsifu Braille kwa sababu alilitatua tatizo ambalo wakubwa walishindwa kulitatua. Kule kutoona kwake peke yake kusingelimpatia sifa hiyo.

Mfano wa pili ni wa hapa nyumbani. Mwaka 2022, timu yetu ya taifa ya mpira wa miguu ya watu wenye ulemavu, iitwayo Tembo Warriors, ilishiriki Kombe la Dunia nchini Uturuki, ikafika robo fainali. Katika mchezo huo kila upande una wachezaji saba. Wachezaji wa ndani hucheza kwa mguu mmoja wakitumia magongo, na mlinda mlango hutumia mkono mmoja. Kanuni zimerekebishwa ili mchezo uwezekane, lakini bao ni bao. Hakuna mwamuzi aliyewapa bao la huruma, wala mpinzani aliyewaachia njia. Hapa tunayaona masharti yetu: njia ilifunguliwa kwa kanuni zinazofaa, kisha kipimo kikabaki kile kile kwa wote.

Mfano wa tatu ni wa Dakta Abdallah Possi, mtu mwenye ualbino, mwanasheria aliyekuwa mhadhiri katika Chuo Kikuu cha Dodoma. Aliteuliwa kuwa Naibu Waziri mwaka 2015, na baadaye Balozi wa Tanzania nchini Ujerumani. Mwalimu aukumbuke mfano huu amwonapo mtoto mwenye ualbino akikunja uso mbele ya ubao. Ualbino huambatana na uoni hafifu. Mtoto anayenakili polepole huenda haoni tu yaliyoandikwa, wala hana upungufu wowote wa akili.

Kuifungua njia

Kabla ya kumsifu au kumlaumu mtoto, mwalimu ajiulize: je, alipewa nafasi ya kuionyesha kazi yake? Mtoto mwenye uoni hafifu aketi mbele, mahali ambapo mwanga wa dirisha haumpigi machoni, na apewe maandishi makubwa yaliyokolezwa wino. Mtoto asiyeona apewe vitu halisi vya kushika, na nafasi ya kujibu kwa mdomo au kwa nukta nundu. Mtoto kiziwi aketi mahali anapouona uso wa mwalimu, na mwalimu asiseme huku ameuelekea ubao. Yafaa pia mwalimu ajifunze lugha ya alama, walau alama za kuanzia, na awafundishe wanafunzi wote. Mtoto atumiaye magongo au kiti cha magurudumu asipangiwe chumba chenye ngazi.

Mambo haya hayamfanyii mtoto kazi yake. Yanaondoa tu kizuizi ambacho hakikuwa sehemu ya somo. Somo la hesabu lapima hesabu. Halikukusudiwa kupima macho.

Kuipima kazi

Njia ikiisha kufunguliwa, mwalimu asilegeze kipimo pasipo sababu. Mtoto kiziwi aliyejibu maswali kumi ya kugawanya na kukosa manne apewe sita, kama mwenziwe yeyote. Alama sita za haki zitamwonyesha pa kurekebisha, lakini kumi za huruma zitamwacha palepale.

Wapo, hata hivyo, wanafunzi ambao ulemavu wao ni wa akili. Hao hupimwa kwa kulinganisha walipo sasa na walipoanzia. Kwa ajili hiyo mwalimu awe na daftari la maendeleo, aandike tarehe na kile hasa mtoto alichoweza. Kwa mfano: mwezi wa Februari alihesabu mbegu za alizeti hadi tano kwa kusaidiwa, mwezi wa Mei alihesabu hadi kumi peke yake, mwezi wa Agosti alizigawa mbegu ishirini katika mafungu manne yaliyo sawa. Hayo ni mafanikio makubwa, na yana ushahidi. Mwalimu ayatangaze kama yalivyo, bila kudai kwamba mtoto huyo amewapita wenzake. Ukweli wake unatosha.

Maneno ya kutumia

Tuchukue kauli mbili. Ya kwanza: “Ingawa mwenzenu huyu haoni, naye amejitahidi, basi mpigieni makofi.” Ya pili: “Mwenzenu ametunga insha ya kurasa mbili juu ya kilimo cha vitunguu. Ameeleza sababu tatu za vitunguu kuoza ghalani. Sasa atatusomea sehemu yake kwa nukta nundu.” Kauli ya kwanza imeutaja ulemavu na kuisahau kazi. Katika ya pili kazi imetajwa, na wasikilizaji wamejifunza jambo. Mwalimu aijaribu kauli yake kwa swali moja: nikiuondoa ulemavu katika sentensi hii, je, kuna sifa yoyote iliyobaki? Kama haikubaki, basi na aitafute kazi ya kweli ya mtoto huyo.

Kadhalika, majina ya dharau hayana budi kuachwa. Tuseme mtu mwenye ualbino, na tusitumie yale majina ya mitaani. Kwa upande mwingine, neno kiziwi si tusi. Viziwi wenyewe wamelitumia katika jina la chama chao, CHAVITA, yaani Chama cha Viziwi Tanzania. Kanuni iliyo salama ni kuwasikiliza wahusika wajiitavyo.

Kuandaa siku yenyewe

Shughuli iliyokusudiwa kumheshimu mtoto yaweza kumwumiza isipopangwa vema. Yafuatayo yazingatiwe:

(a) Kivuli. Sherehe zetu hufanyika uwanjani, na jua la Singida la saa sita ni kali. Mtoto mwenye ualbino akisimamishwa juani kwa saa nzima akisubiri zawadi yake, ngozi yake inaungua. Mistari yote ipangwe chini ya miti au turubai, na mtoto avae kofia pana na mikono mirefu.

(b) Wito. Jina la mtoto kiziwi likitajwa kwa kipaza sauti, yeye hatalisikia. Mwanafunzi mmoja apewe kazi ya kumpa ishara. Badala ya makofi, hadhira iinue mikono na kuitikisa hewani, kama viziwi wenyewe wafanyavyo. Makofi ya namna hiyo huonekana.

(c) Jukwaa. Zawadi zitolewe mahali tambarare, ili mtoto mwenye magongo asibebwe mbele ya watu kama mzigo.

(d) Zawadi. Iwe ni kitu atakachokitumia. Mtoto anayesoma nukta nundu hafaidiki na daftari la mistari. Karatasi nzito za kuandikia nukta nundu zitamfaa zaidi.

(e) Ridhaa. Mtoto na mzazi waulizwe kwanza. Katika nchi yetu watu wenye ualbino wamewahi kushambuliwa na kuuawa kwa sababu ya imani za kishirikina. Kwa hiyo picha ya mtoto, jina lake kamili na kijiji chake visisambazwe ovyo.

(f) Mwenye kazi. Mara nyingi mwanafunzi anayemsukuma mwenziwe katika kiti cha magurudumu hushangiliwa kuliko mwenziwe huyo aliyeongoza mtihani wa hesabu. Msaada ni jambo jema na unastahili shukrani, lakini sifa ya hesabu apewe aliyezikokotoa. Vivyo hivyo mwalimu asijitwalie yeye sifa ya mwanafunzi wake.

Baada ya makofi

Sherehe ni ya siku moja. Kinachoendelea kumjenga mtoto ni wajibu anaopewa siku ifuatayo. Aliyeonyesha uhodari katika hesabu awe mtunza kumbukumbu za bustani ya shule. Mwenye sauti nzuri aongoze kwaya. Mwenye mbio apelekwe katika riadha maalumu ya UMITASHUMTA. Wazazi wanapomwona mtoto huyo akipewa kazi na kuitimiza, jirani mwenye mtoto aliyefichwa ndani hupata sababu ya kumtoa. Faida hii ni kubwa, kwani ukimya wetu siku ya sherehe humpa jirani huyo sababu ya kuendelea kumficha.

Hitimisho

Wahenga walisema, “Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni.” Sifa ni sehemu ya haki ya mwanafunzi, kama kilivyo kitabu na dawati. Mwalimu aifungue njia, aipime kazi kwa uaminifu, kisha aseme wazi mtoto amefanya nini. Akifanya hivyo hatahitaji kupamba maneno.

Maswali ya kujadili

1. Andika kauli tatu za sifa ulizowahi kusikia zikitolewa kwa mwanafunzi mwenye ulemavu. Zipime kwa swali lililotolewa katika makala haya, kisha uzirekebishe.

2. Chagua somo moja la darasa la tatu. Katika andalio lako la somo, onyesha utakavyoifungua njia kwa mtoto mwenye uoni hafifu na kwa mtoto kiziwi.

3. Chora ramani ya uwanja wa shule unayoifahamu. Onyesha mahali panapofaa kufanyia Siku ya Wazazi, na utoe sababu zako.