Kumshikia Mwenzako Kazi: Waingereza Husemaje?

Tuseme binti yako ni mwalimu katika shule moja ya Rusimbi, mjini Kigoma. Mwalimu mwenzake amekwenda kujifungua, na sheria yampa likizo ya siku 84. Mwalimu Mkuu amwambia binti yako: "Mshikie darasa lake mpaka arudi." Jambo hilo ni rahisi. Kila Mswahili ajua kwamba kitu ulichomshikia mtu ni lazima kirudi kwa mwenyewe. Lakini wafadhili wa shule wataka habari kwa barua ya Kiingereza, na binti yako aandika: "I have taken over her class." Mfadhili akisoma, ataelewa kwamba yule mama ameondoka kabisa na darasa limepata mwenyewe mpya. Huenda jina lake likafutwa kabla mtoto hajatimiza hata arobaini.

Kosa halikuwa la sarufi. Waingereza wana desturi ya kutwaa kitenzi cha kawaida, kama kusimama au kujaza, na kukitia kijineno nyuma yake. Papo hapo maana yageuka. Ndiyo sababu mtoto aweza kujua kila neno pekee yake na bado asielewe yakiwa pamoja.

Neno ambalo lingemfaa binti yako ni "stand in for". Maana yake ni kusimama mahali pa mtu asiyekuwepo, kwa muda tu. Laiti angaliandika "I am standing in for her", pasingalikuwa na mashaka. Lakini mwambie akichunge sana kile kijineno "in". Kwa Waingereza, "I am standing in for the Chairman" maana yake namshikia Mwenyekiti kiti chake. Ukitupa "in" na kusema "I am standing for Chairman", umetangaza kwamba wagombea uenyekiti! Mwenyekiti akirudi safari na kusikia hayo, sidhani kama mtasalimiana vizuri.

Hata sisi tumelitumia neno la kusimama, ila twalisahau kwa sababu limetoka Uarabuni. Kaimu, kwa asili yake ya Kiarabu, ni mwenye kusimama. Makamu ni mahali pa kusimama. Yametoka katika shina moja, na kiyama pia imo humo. Lakini katika Kiswahili yameachana. Makamu ana kiti chake mwenyewe, hata mkubwa wake akiwapo. Kaimu hukalia kiti kisichokuwa chake. Waingereza humwita kaimu "acting", nawe usije ukadhani ni mchezaji wa sinema.

Tazama Katiba ya nchi yetu, ibara ya 37. Rais akiwa nje ya nchi, kazi zake hufanywa na Makamu wa Rais, naye asipokuwepo, Waziri Mkuu. Hapo Mwingereza atasema "stand in". Lakini Rais John Magufuli alipofariki mwezi Machi 2021, Samia Suluhu Hassan aliapishwa tarehe 19 ya mwezi huo kuwa Rais mwenyewe, wala si kaimu. Hapo ndipo "take over" yafaa kabisa. Hata hivyo neno hilo hutumika pia katika kupokeana zamu: mwuguzi wa asubuhi "takes over from" mwuguzi wa usiku, na jioni mambo yageuka tena. Basi neno "take over" ukiliacha bila kutaja muda, msomaji wako atadhani ni moja kwa moja.

"Fill in for" ni ndugu wa "stand in for", ila ni la mazungumzo zaidi, na Wamarekani walipenda sana. Likikosa "for", mara nyingi ni kujaza fomu tu. Kwa kazi ya siku moja mbili ndilo zuri. Utingo akiugua na kijana mwingine akapanda kukusanya nauli kwa safari chache, madereva wetu humwita deiwaka, neno ambalo lenyewe ni Kiingereza kilichovaa kanzu. Lakini usimwandikie Mwingereza "deiwaka" ukatumaini ataelewa. Mwandikie "he is filling in for the conductor".

Lililobaki ni la hatari kidogo, "cover for". Mvuvi wa dagaa ana homa, na mwenzake aingia mtumbwini usiku ule kushika kazi yake: "He is covering for his friend." Ni sawa kabisa. Lakini maneno hayo hayo hutumika kwa mtu anayemfichia mwenzake kosa, kama karani asemaye bwana fulani yuko mkutanoni, kumbe amelala nyumbani. Kwa hiyo katika barua ya kazi ongeza sababu, "while he is sick", ili wasije wakatafuta siri isiyokuwepo.

Vijana wa mpira msiwape taabu. Mchezaji wa akiba akiingia dakika ya 70, "he comes on for" yule aliyetoka, na yule aliyetoka harudi tena.