Safari ya Mtoni kwa Chelezo

Vijana wengi wa Juba wakiutazama mto unavyokwenda kaskazini hujiuliza, "Je, tukiunda chelezo chetu wenyewe, hatungefika mbali?" Kufika si kazi ngumu, maana maji yatakuchukua bure. Kazi ni kurudi, kwa kuwa chelezo hakipandi mto. Kwa hiyo anayetaka safari hii imempasa aupange mwisho wake kabla hajakata hata mwanzi mmoja.

Kwanza tuujue mto. Kutoka Juba kwenda kusini hata Nimule mna maporomoko, na lile la Fula lina sifa mbaya. Huko chelezo kitavunjika. Lakini kwenda kaskazini maji ni tulivu, na ndiyo sababu zamani meli za mvuke ziliweza kuja hapa kutoka Kosti, mwendo wa kilomita 1,436. Njiani zipo Mongalla, Bor, Shambe, Malakal na Renk.

Ukiipita Bor waingia katika kinamasi kikubwa kiitwacho Sudd, jina litokalo katika neno la Kiarabu lenye maana ya kizuizi. Huko mafunjo na magugu maji hukatika yakaelea kama visiwa, na upepo huyasukuma hata yakaziba njia. Sir Samuel Baker aliondoka Khartoum mwezi wa Februari 1870. Majani yalimzuia, akarudi nyuma, akajaribu tena, asifike Gondokoro, karibu na hapa Juba, mpaka Aprili 1871. Naye alikuwa na meli za mvuke na mamia ya watu wa kukata majani. Wewe una pondo tu.

La pili ni mwendo. Pima mita 100 ukingoni, tupa kijiti majini, utazame saa yako. Kijiti kikitumia dakika 2, maji yanakwenda kilomita 3 kwa saa. Usiku hatusafiri, maana viboko na magogo hayaonekani. Basi kwa saa 8 za mchana twapata kilomita 24. Gawanya 1,436 kwa 24: ni siku 60, ikiwa hakuna siku hata moja utakayozuiwa.

La tatu ni mzigo. Washilluk wa upande wa Malakal tangu zamani wameunda vyelezo kwa ambachi, mti mwepesi sana uotao majini. Sisi wa mjini twaweza kupata mapipa ya mafuta ya lita 200. Pipa lizamapo nusu huinua kilo 100. Mapipa 8 huinua kilo 800. Toa uzito wa mapipa yenyewe, kama kilo 160, na wa mianzi na mbao, kilo 180; zabaki 460. Watu wanne wana kilo 260. Unga wa nusu kilo kwa kila mtu kwa siku 60 ni kilo 120. Zilizobaki ni kilo 80 tu kwa maharagwe, chumvi, sufuria, kuni, vyandarua, kamba, panga na vyombo vya maji. Hesabu hii yaonyesha kwamba safari ndefu huanza kushindwa jikoni, kabla ya kushindwa majini.

La nne ni usalama. Kila mtu awe na kitu cha kuelea kilichofungwa kifuani, hata mwogeleaji hodari. Maji ya kunywa yachemshwe. Usioge wala kuchota maji penye mamba. Tena ulizeni habari kwa wakubwa wa bandari na kwa wenyeji wa kila kituo, kwa sababu nchi yetu iliingia vitani Desemba 2013, na Sudan, iliko Kosti, iliingia vitani Aprili 2023. Mgeni asiyetangaza habari zake huenda akadhaniwa adui.

Basi, shauri langu ni hili. Safari ya kwanza iishie Bor, kabla ya Sudd. Kwa siku 10 mtahitaji unga kilo 20 badala ya 120, na chelezo kitakuwa chepesi. Wekeni nauli ya kurudi kwa lori au kwa mashua ya injini katika mfuko wake, isiguswe hata njaa ikiuma. Mkifika, uzeni mapipa na mbao. Waachieni wazazi karatasi yenye majina ya vituo na siku ya kufika kila kimoja, ili mkichelewa wajue pa kuanza kuwatafuta.

Wengine watasema kwamba Bor ni karibu mno, si safari ya kusifiwa. Lakini aliyekwenda Bor akarudi aweza kupanga safari ya Malakal kwa akili, hali aliyekwama katika mafunjo hana la kupanga ila kungoja upepo ugeuke.